Afisa Makro na Kaburi la Bi Somoe

Nchi ya Mbelembele msijisumbue kuitafuta. Waliowahi kufika huko hawajarudi kutusimulia, si kwa sababu kuna ubaya wowote, hasha, ni kwa sababu kule kurudi ni kosa la jinai.

Nchi yenyewe imetulia. Kiongozi wake, Mheshimiwa Kiranja Mkuu, aliamka asubuhi moja akiwa na wazo, na kwa kuwa hakuwa na mazoea ya kuamka na wazo, mawaziri walilitungia sheria siku hiyo hiyo kabla halijapoa. Ikaitwa Sheria ya Kusonga Mbele. Kifungu cha kwanza kilisema hakuna kurudi nyuma. Cha pili kilisema usome cha kwanza, lakini kikafutwa wanasheria walipogundua kwamba mtu aliyekwishafika cha pili, akisoma cha kwanza, anarudi nyuma.

Basi watu wakasonga. Vinyozi wakaacha kunyoa visogo, wakasema visogo vinatazama upande wa wapinzani. Gia za rivasi ziling'olewa kwenye magari yote, zikayeyushwa, zikamiminwa kuwa sanamu ya Kiranja Mkuu akinyoosha kidole mbele. Ukiipita nyumba yako kwa bahati mbaya, unazunguka mtaa. Mtaa ukiwa umezibwa, unazunguka wilaya. Salamu ya kiserikali ikawa "Mbele!" na kuitikia kwake "Hatugeuki!"

Mzee Machano, mchonga mipini ya majembe wa mtaa wa Kichangani, hakuwa na ugomvi na sheria hiyo. Kichangani ndiko alikozaliwa Kiranja Mkuu mwenyewe, ingawa hajakanyaga tangu aondoke, maana kwenda kwao kungekuwa kurudi. Elimu ya Machano ilikuwa ya darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe hakulimaliza, kwa hiyo aliamini kwamba wenye elimu wanajua wanachokifanya. Aliacha kuamini siku mkewe, Bi Somoe, alipobanwa na kifua.

Gari la wagonjwa lilikuja upesi, tena likipiga king'ora kizuri. Ila dereva aliupita mlango kidogo. Si sana. Machano angeweza kurusha jiwe likagonga bampa, na baadaye alijuta sana kwamba hakurusha.

"Mzee, nimepitiliza!" dereva alichungulia dirishani kwa huruma.

"Basi rudi!"

"Astaghafiru, mzee wangu, usiniponze. Nazunguka nakuja sasa hivi."

Akazunguka. Njia ya kuzungukia ilikwenda mpaka uwanja wa ndege. Alipotokea tena, Bi Somoe alikuwa amekwishafunikwa shuka. Hakuna wa kulaumiwa, na Wizara ya Afya ilitoa taarifa kusema hivyo hivyo: dereva alifuata sheria, gari lilikwenda mbele muda wote, na marehemu naye, kwa namna yake, amesonga mbele.

Alizikwa makaburi ya Kiungani. Waliomzika walitokea mlango wa upande wa pili, kama sheria inavyotaka, wakakizunguka kilima kizima, wakafika matangani ubwabwa umekwishapoa.

*

Arobaini haijafika, likabandikwa tangazo kwenye lango la makaburi. Serikali ilitaka kujenga Jukwaa la Kutazama Mbele, na wataalamu walikuwa wametembea nchi nzima wakaona hakuna mahali unapoweza kuyatazama mambo ya mbele vizuri kama makaburini. Tangazo liliwatoa watu hofu. Serikali haitagusa kaburi la raia wake yeyote. Yatakayosawazishwa ni makaburi ya watu wasiokuwemo tu. Mwenye kaburi alete cheti cha kifo kabla ya Sikukuu ya Kiranja.

Machano akavaa kanzu yake ya Idi, akaenda Ofisi ya Waliomo na Wasiokuwemo.

Ofisi hiyo ilikuwa fahari ya taifa. Majina ya raia wote yalikuwa yameandikwa ndani ya kompyuta moja, kwenye waraka mmoja mrefu, kwa programu ile ile ya kuandikia barua, maana ndiyo pekee ambayo Waziri aliifahamu. Waraka ulianza na jina la Kiranja Mkuu, juu kabisa, ukurasa wa kwanza mstari wa kwanza, ukateremka kwa raia wengine mpaka huko chini kwa wachanga na wapinzani. Kumtafuta mtu humo kwa macho ni kujitafutia upofu. Ndipo akaletwa Makro.

Makro ni amri kadhaa za kompyuta zilizofungwa pamoja kama mzigo wa kuni. Unabonyeza kitufe kimoja, zote zinakwenda. Huyu wao kazi yake ilikuwa moja. Unamwandikia jina, anapita mstari kwa mstari. Akilikuta anasema lipo, asipolikuta anasema hakuna. Serikali ilimpenda mno. Aliapishwa kwa katiba iliyowekwa juu ya kibodi, akaitwa Afisa Makro, akapewa cheo, bendera ndogo ya mezani, na dereva.

Aliyempokea Machano ni karani Bi Kidawa, mama wa makamo mwenye kanga begani na birika la chai ya tangawizi chini ya meza.

"Jina la marehemu?"

"Somoe Hamadi. Wa Kichangani."

Bi Kidawa akaandika, akabonyeza. Kompyuta ikakoroma. Kisha kikatokea kidirisha chenye maandishi: *Nimefika mwisho wa waraka. Je, nianze tena kutafuta kutoka mwanzo?* Chini yake palikuwa na *Ndiyo*, na palikuwa na *Hapana*. Machano, ambaye husoma kwa kujipa nafasi, alikuwa bado yuko kwenye "nimefika" pale Bi Kidawa alipobonyeza Hapana, bila hata kutazama, kama mtu anayefukuza nzi.

"Hakuna," akasema.

"Hakuna nini?"

"Mkeo. Hayumo."

"Bibi wewe, hayumo vipi? Mimi vitumbua nimepikiwa na nani miaka yote hii?"

"Hilo ni la nyumbani kwako, baba. Hapa Makro amesema hakuna."

"Mwambie atazame vizuri."

"Afisa Makro haambiwi atazame vizuri." Bi Kidawa akamtazama, uso ukalegea. "Ningekupa pole, lakini kiserikali hujafiwa."

*

Hakuwa peke yake. Benchi la nje lilikuwa limejaa watu wasiokuwemo, na kila siku liliongezeka. Bi Kidawa alianza kazi kila asubuhi pale alipoishia jana, kwa kuwa kukipandisha kishale kinachoonyesha alipofikia mpaka juu ya waraka kungekuwa ni kurudi nyuma, tena saa za kazi. Kwa hiyo kila siku Makro alianzia chini zaidi. Wakaanza kupotea wazee, wakafuata walimu, wakafuata wauza samaki wa soko zima. Bwana mmoja alikuja kuchukua cheti cha ndoa, akaondoka akiwa hajazaliwa.

Malalamiko yakapanda mpaka kwa Mkurugenzi, Dokta Mpangile, aliyekwenda ng'ambo kusomea Falsafa ya Mwelekeo na akapitia nchi saba zaidi kufika kwao, ili asionekane amerudi. Dokta alichukua hatua bila kuchelewa. Kwanza akabadilisha kibodi. Kisha akaleta feni, kwamba huenda Makro anasikia joto. Akaagiza majina yaandikwe kwa herufi kubwa, kwamba huenda Makro ameanza kuzeeka macho. Akaamuru kompyuta igeuzwe itazame mashariki, halafu akakumbuka kugeuza ni nini, akaamuru meza izungushwe. Hali ilipozidi, Makro alisimamishwa kazi kupisha uchunguzi, kwa mshahara kamili. Tume ikakaa hotelini, ikamsafisha. Na kwa kuwa kumrejesha kwenye nafasi yake ya zamani kungekuwa kurudi nyuma, ikabidi apandishwe cheo.

Machano aliyashuhudia yote hayo kutoka kwenye benchi. Alikuja kila siku na kanzu ile ile, mpaka Bi Kidawa akazoea kummiminia chai.

"Leo umekuja na nani, baba Machano?"

"Na mke wangu."

"Yule asiyekuwemo?"

"Huyo huyo. Kanituma nikuambie chai yako sukari kidogo."

"Mwambie bajeti ya sukari anayo Makro."

Siku moja Dokta Mpangile alipita mbele ya benchi, suti imenyooka, tumbo limetangulia, akasimama kuwatia watu moyo. "Wananchi wenzangu, serikali yenu sikivu iko kazini. Hii ni changamoto, nasi changamoto tunaigeuza... hapana, hatuigeuzi, tunaisogeza mbele iwe fursa!"

"Fursa ya nani, mheshimiwa?" Machano akauliza. "Trekta limekwishafika langoni pale makaburini. Nimelikuta asubuhi."

"Mmeona!" Dokta akapiga makofi. "Maendeleo hayo."

*

Ikabaki wiki moja kufika sikukuu, Wizara ikamtuma fundi. Fundi Senyagwa alikuwa mtu mzima mwenye miwani ya kufungwa kwa uzi, mcheshi, wa kusema kinachomjia, jambo ambalo peke yake lingetosha kuwaonya watu. Alivuta kiti, akamtazama Bi Kidawa akimtafuta Somoe Hamadi, akaona kidirisha kikija na kuondoka, akacheka mpaka akavua miwani.

"Makro hana ugonjwa," akasema. "Anaanzia pale kishale kilipo, anateremka mpaka chini. Akifika chini anawauliza kwa adabu kabisa, jamani, nianzie juu? Nyinyi mnamwambia Hapana. Mwambieni Ndiyo, mtawapata watu wenu wote kabla chai haijapoa."

Walinzi waliokuwa mlangoni wakasogea ndani.

"Aanzie wapi?" Dokta Mpangile, aliyekuja kusimamia, aliuliza.

"Mwanzo."

"Mtumishi wa umma, aliyeapa kwa katiba, akishafika mwisho, unasema arudi mwanzo?"

"Ndiyo."

"Mmemsikia," Dokta akawaambia walinzi. "Amesema Ndiyo mbele ya watu."

Fundi akapelekwa kwenye mafunzo ya uzalendo. Walimpitisha mlango wa mbele, na mpaka leo mkewe anasubiri atokee kwa upande wa pili.

Machano hakuyaelewa yote, lakini moja lilimwingia. Alisogea karibu na meza ya Bi Kidawa.

"Kwa hiyo yumo," akanong'ona. "Yuko huko juu."

"Kunywa chai."

"Bonyeza hiyo Ndiyo, mama. Mara moja tu. Sitamwambia mtu."

Bi Kidawa akaliandika jina, kidirisha kikatokea, akakitazama kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, akakitazama muda mrefu. Kidole chake kikaenda. Kikasimama. "Baba Machano," akasema taratibu, "nina watoto." Akabonyeza Hapana.

Machano hakumlaumu. Aliwalaumu waliomfanya mama mzima aogope neno ambalo wenzake hulisema wanapoolewa.

*

Mkesha wa Sikukuu ya Kiranja kuna ada yake. Jina la Kiranja Mkuu hutafutwa hadharani. Makro akilipata, mizinga hupigwa na tarumbeta hulia, na taifa hujua kwamba kiongozi yupo. Siku hiyo kompyuta ilibebwa hadi ukumbini, ikavalishwa kitambaa cha rangi za bendera. Kiranja Mkuu alikaa kiti cha mbele. Watu wa benchi waliruhusiwa kukaa nyuma kabisa ili picha zionyeshe umati.

Dokta Mpangile aliandika jina mwenyewe, kwa kidole kimoja kilichovaa glavu nyeupe. Kompyuta ikakoroma. Kidirisha kikatokea. Dokta, akitabasamu kwenye kamera, akabonyeza Hapana kwa mbwembwe zote.

Kioo kikaandika: *Hakuna.*

Mpiga tarumbeta alikuwa amekwishavuta pumzi. Ikamtoka kwa sauti ya mbuzi aliyekanyagwa. Dokta akacheka peke yake, akaandika tena, akabonyeza tena. *Hakuna.* Huko nje wapiga mizinga, ambao huhesabu dakika tu, wakapiga mizinga yote.

"Hakuna nini?" Kiranja Mkuu akauliza.

Mawaziri walitazama viatu vyao. Vilikuwa viatu vizuri, vilistahili kutazamwa.

"Hakuna wewe, mheshimiwa!" sauti ikatoka nyuma. Ilikuwa ya Machano. "Karibu benchini. Chai ipo, sukari ndiyo ya kubahatisha."

Polisi wawili wakamrukia, kisha wakasita. Kosa lake lilikuwa kumtukana kiongozi wa nchi, na kwa mujibu wa kompyuta hapakuwa na kiongozi wa kutukanwa. Wakabaki wamemshika mikono kama wanaomsaidia kuvuka barabara.

Baraza likakutana pale pale nyuma ya pazia. Kumwacha Kiranja hayumo, haiwezekani. Kumruhusu Makro arudi mwanzo, haiwezekani zaidi. Jasho likawatiririka mpaka Waziri wa Mwelekeo alipopata maneno. "Waheshimiwa," akasema, "mtu anayemwendea Kiranja harudi nyuma. Anapanda!" Wakamkumbatia. Ikapitishwa amri maalumu, ya mara moja tu: Dokta Mpangile apande hadi kwenye jina la Kiranja, achukue nakala yake, ateremke nayo, aiweke mwisho kabisa wa waraka, ili Makro akisonga mbele amkute Kiranja yuko mbele.

Dokta akapanda. Kwa kipanya alipanda, kurasa baada ya kurasa, bendi ikipiga wimbo wa taifa ukaisha, ukaanza mwingine kwa kuwa ule ule hauwezi kurudiwa. Alipofika juu pakazuka tatizo. Kuchukua mstari mmoja tu kungemlazimu Dokta amtenge Kiranja na wale waliomzunguka, na hakuna mtu aliyetaka aonekane kwenye televisheni akimkata Kiranja. Akauchukua ukurasa wote mzima kama ulivyo.

Na ukurasa wa kwanza, kama ilivyopaswa kwa heshima, ulikuwa wa mtaa aliozaliwa Kiranja.

Makro akajaribiwa tena. Kiranja akapatikana. Watu wakashangilia, mizinga ikiwa imekwisha, na polisi wale wakamwachia Machano ili wapige makofi; kosa lake lilikuwa limekwishabaki nyuma. Siku hizi nchi ina viongozi wawili, wa juu na wa chini, jina moja, na kila mmoja ana msafara wake. Msafara wa pili gari lake halina mtu. Watoto wa shule hupangwa barabarani kulipungia, na wazazi wao hulisifu sana gari hilo tupu, kwamba halijawahi kuamka na wazo.

*

Ukumbi haujamalizika kufagiliwa, kompyuta imekwishafikishwa ofisini, Machano alikuwa amekwishasimama mbele ya Bi Kidawa.

"Mtafute."

"Baba Machano, leo tumechoka wote."

"Trekta linawashwa kesho asubuhi. Mtafute, mama."

Bi Kidawa akaandika. Kompyuta ikakoroma, kisha ikanyamaza. Safari hii hakikutokea kidirisha chochote. Machano akainama mpaka pua ikakaribia kioo. Yapo maneno mengi ambayo hakupata kuyasoma maishani mwake, lakini hayo mawili aliyasoma bila kujipa nafasi: Somoe Hamadi. Jina lilikuwa mistari michache tu chini ya lile la Kiranja, kama jirani wa zamani aliyesahauliwa.

"Yumo," Bi Kidawa akasema. Akaandika pembeni ya jina neno moja, *amefariki*. Akachapa cheti, akagonga muhuri, akainuka, akamshika Machano mkono kwa mikono yake miwili. "Pole sana, baba. Sasa umefiwa."

Machano alikuwa amejiandaa kwa kila kitu ila hilo. Alikaa chini kwenye kiti cha wageni wa Makro, akalia kama mtu aliyeletewa habari asubuhi hiyo. Bi Kidawa akammiminia chai, akatia sukari ya Makro vijiko vitatu.

"Na Somoe yule wa juu?" Machano akauliza baadaye, akifuta pua kwa kanzu.

"Wa juu yupi?"

"Si mmeteremsha nakala? Mwenyewe amebaki huko huko juu."

Bi Kidawa akautazama mlango. "Huyo hatumfikii. Ruhusa ya kupanda ilikuwa ya mara moja."

"Kwa hiyo hajaandikwa amekufa."

"Nani amwandike? Yule, kiserikali, ni mzima."

"Mpaka lini?"

"Mpaka serikali ikubali kuanza upya."

Machano akafikiri. "Basi huyo," akasema, "hafi."

"Kunywa chai, baba Machano."

Asubuhi mlinzi wa makaburi alikipokea cheti, akakisoma, akachomeka kijiti chenye kitambaa chekundu juu ya kaburi la Bi Somoe. Trekta likalipita pembeni kwa adabu, likaendelea kwa walimu na wauza samaki. Machano alikaa pale mpaka vumbi likatua. Alimweleza mkewe habari zote, za feni, za glavu nyeupe, za tarumbeta. Alipofika kwenye tarumbeta ilibidi anyamaze kidogo, maana hapo Somoe angecheka, na yeye alikuwa na kawaida ya kumsubiri amalize.

Kisha akainuka, akakung'uta kanzu.

"Mbele, mzee!" mlinzi akamwita. "Mlango wa kutokea ule kule."

Machano aliutazama mlango wa mbele, na kilima, na njia ndefu iliyokizunguka. Akageuka. Akaanza kushika njia ile ile aliyojia, kuelekea lango aliloingilia.

"Wee mzee! Unarudi wapi huko?"

"Mwanzo," Machano akasema, miguu ikiendelea. "Mke wangu yuko huko, mzima."

Mlinzi akapuliza filimbi. Akapuliza tena. Akaisikia miguu ya Machano ikizidi kwenda, hatua chache tu nyuma ya kisogo chake yeye mlinzi, ambacho hakijanyolewa siku nyingi. Kumkamata kulitaka ageuke. Akavuta suruali, akafunga kamba za viatu, akaanza kukizunguka kilima.